Shangazi, mstari wa ukoo umeishia kwa baba yao

Shangazi, assalaam alaykum.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja. Huu ni mwaka wa 11 naishi Sumatra Magharibi, Indonesia, kwa mume wangu ambaye ni Mminangkabau, watu wa huko. Tulikutana Cairo tukiwa wanafunzi. Alipokuja kuposa alikuja na wazee wake wawili, na marehemu baba akasema mtu aliyefunga safari ya mbali hivyo na kukaa mkekani kwa adabu hiyo hakataliwi. Tumejaaliwa watoto wawili, wa kiume ana miaka 9 na wa kike 6. Mume ana duka la vitambaa, mimi nasomesha Kiarabu watoto wa jirani na nauza visheti na kashata.

Mwaka jana mama mkwe alifariki, Mungu amrehemu. Alinipenda. Ndiye aliyenifundisha rendang, akinisimamia jikoni saa nne nzima nisiache kukoroga mpaka tui likauke lote likarudi kuwa mafuta. Siku chache baada ya mazishi wazee walikutana kwenye nyumba kubwa ya ukoo, ile wanayoiita rumah gadang, yenye paa la pembe. Mjomba wao mkubwa, Mak Dang, alikunjua karatasi ndefu juu ya mkeka. Wanaiita ranji, ni majina ya ukoo wote. Mwanangu anajua kusoma. Akapiga magoti, akaufuata mstari kwa kidole. Akamkuta bibi yake. Chini ya bibi shangazi zake wawili na baba yake. Chini ya shangazi zake majina yamejaa mpaka ukingoni. Chini ya baba yake karatasi ni nyeupe. Akaniuliza kwa Kiswahili ili wasielewe, “Mama, mbona sisi hatumo?”

Sikuwa na jibu, Shangazi. Nilimvuta nikamkalisha karibu yangu.

Nyumba ile na mashamba ya mpunga yamebaki kwa wifi zangu, maana kwao mali ya ukoo hupita kwa wanawake. Mume wangu hakupata kitu wala hakuuliza. Baba mkwe alishatangulia zamani. Nikasema moyoni, hiyo ni yao, mimi imenihusu nini. Lakini miezi mitatu iliyopita nimegundua akiba yetu ya benki, tuliyoiweka miaka saba kwa ajili ya masomo ya watoto, imekwisha. Ameitoa kukomboa shamba la ukoo lililowekwa rehani zaidi ya miaka 20 nyuma, wakati paa la nyumba kubwa lilipokuwa linavuja. Deni lilihesabiwa kwa dhahabu, kwa hiyo limepanda pamoja na dhahabu. Sasa shamba analima wifi yangu mkubwa. Nilipomuuliza mume wangu mbona hukuniambia, akasema, “Ningekuambia ungekataa.”

Kinachoninyima usingizi zaidi ni nyumba tunayokaa. Tumeijenga miaka 6 iliyopita kwenye ardhi ya ukoo wake, nyuma ya nyumba kubwa. Mimi niliuza bangili zangu nne za dhahabu, mbili za mahari na mbili za mama yangu, tukaezeka na kununua saruji. Mwezi uliopita binti wa wifi, miaka 15, alikuwa anaosha vyombo kwangu akasema kwa furaha tu, bila ubaya, kwamba chumba cha mbele kitakuwa chake siku moja.

Kaka yangu kule nyumbani ni ustadhi. Ananiambia hawa watu wanakula mirathi kinyume cha Suratun Nisaa, nichukue wanangu nirudi Unguja. Mume wangu nilipomwambia maneno hayo alitoka akalala dukani. Na wiki iliyopita Mak Dang ametuma ujumbe kwamba ukoo mwingine uko tayari kunipokea mimi na watoto kwa desturi yao ya malakok, ili wanangu wawe na ukoo. Je, hawa watu wanakula haramu? Kilicho changu mimi ni kipi? Na hili la kupokewa, nikubali?

Mama wa wawili, Sumatra Magharibi

*

Waalaykum salaam mwanangu.

Nianze na akiba, maana hapo sina la kupima. Mumeo amekukosea. Si kwa adati yao, yaani mila zao, wala kwa sharia ya Kiislamu inayotumika Indonesia kuna ruhusa ya alichofanya. Indonesia ina mkusanyiko wa sheria za Kiislamu uliotolewa kwa agizo la Rais namba 1 la mwaka 1991, na ndio mahakama za dini zinaoutumia kuhukumu. Kifungu cha 92 kinasema mume au mke haruhusiwi kuuza wala kuhamisha mali ya pamoja bila ridhaa ya mwenzake. Akiba mliyoichuma ndani ya ndoa ni mali ya pamoja hata kama kitabu cha benki kina jina lake peke yake. Lile neno “ningekuambia ungekataa” ni ungamo. Alijua ridhaa yako inahitajika, akaipita kando.

Na kuna jambo litakalokuuma zaidi, lakini bora ulijue. Sheria ya Indonesia ya mwaka 1960, namba 56, inasema shamba la kilimo lililokaa rehani miaka 7 au zaidi linarudi kwa mwenyewe bila kulipwa chochote, kwa kuwa aliyelishika ameshavuna vya kutosha. Shamba lenu lilikaa 20. Vijijini kwa Waminangkabau watu wengi hulipa hivyo hivyo, wanaona aibu kumnyang'anya mtu shamba aliyewasitiri siku ya shida. Mimi siwalaumu kwa aibu hiyo, ni uungwana. Lakini uungwana ule umelipiwa kwa ada za shule za wanao.

Hata hivyo mwanangu, usimwone mumeo kama mwizi. Jaribu kusimama pale alipo. Kwao kuna msemo ambao ukiuweka kwa Kiswahili ni hivi: mtoto mpakate, mpwa mshike mkono. Mwanamume wa Kiminangkabau ana kazi mbili. Kwa mkewe ni baba, kwa dada zake ni mjomba, na mjomba kule si wa kuleta zawadi za Idi tu. Ndiye anayeulizwa mpwa akitaka kuolewa, ndiye anayetazamwa paa likivuja. Na mali ya ukoo haiwekwi rehani ovyo. Adati inataja sababu nne tu: maiti amelala ndani na hakuna cha kumzikia, msichana amekomaa na hakuna cha kumwozea, nyumba kubwa inavuja, au cheo cha mkuu wa ukoo kimelala kwa kukosa gharama ya kumsimika mrithi wake. Rehani ya kwenu ilikuwa ya paa. Yule kijana amekua akijua shamba la mama yake liko kwa watu, na mama akafa halijarudi. Nadhani alikuwa analia kwa namna yake.

Sasa kaka yako. Mwambie namheshimu, na swali lake si geni. Aliyelipigia kelele kubwa hakuwa mtu wa nje, alikuwa Mminangkabau mwenyewe. Sheikh Ahmad Khatib, mzaliwa wa sehemu za Bukittinggi mwaka 1860, alikuwa imamu na khatibu wa Kishafii katika Msikiti wa Makka, na alifariki mwaka 1916. Alisema waziwazi kwamba kuwapa wapwa mali na kuwanyima watoto ni unyang'anyi. Kabla yake, mahujaji watatu waliorudi kutoka Makka mwaka 1803 walianzisha vuguvugu la kusafisha dini lililozaa vita ya Padri, ndugu kwa ndugu, kisha Wadachi wakaingia kati, hadi kiongozi wao, Imamu Bonjol, alipokamatwa mwaka 1837. Watu wale wamelimwagia damu swali ambalo kaka yako amekutumia kwa simu. Katika kupatana kwao ndipo likashika neno ambalo bila shaka umemsikia mumeo akilitaja, kwamba adati imeegemea sharia na sharia imeegemea Kitabu cha Mungu. Si kisingizio alichokitunga jikoni.

Jibu walilolifikia liko hivi, na naomba ulisome polepole maana nyumba yako imo ndani yake.

Mwanafunzi wa Ahmad Khatib huyohuyo, Sheikh Abdul Karim Amrullah anayejulikana kama Haji Rasul, hakukubaliana na mwalimu wake kwa yote. Aliona mali ya kale ya ukoo, pusako tinggi, iko kama wakfu. Hakuna mtu hai anayeimiliki. Mama mkwe wako hakuwa na shamba, alikuwa na haki ya kulima na kula. Sasa mtu asichokimiliki atakirithishaje? Aya za mirathi zinagawa alichokiacha maiti, na ile hakuiacha yeye, aliikuta. Lakini anachokichuma mtu kwa jasho lake ni chake, na hicho kigawanywe kwa faraidhi, yaani mafungu ya mirathi ya Kiislamu, bila mjadala. Mwaka 1952 masheikh, wakuu wa koo na wasomi wao walikutana Bukittinggi wakakubaliana hivyo: ya kale ifuate adati, ya kuchuma ifuate faraidhi.

Mimi nakubaliana na Haji Rasul, na nina sababu ya kwetu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija. Kule Ngazidja kuna manyahuli, ardhi na nyumba zinazopita kwa wanawake, mama kwa binti, na kaka hauzi wala hagawi. Ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama sisi na kama hao wakwe zako. Bibi alikuwa akisema mwanamume akipata msukosuko wa ndoa anabeba nguo zake na kwenda, mwanamke ana watoto mkononi, basi paa liwe lake. Sijawahi kumsikia sheikh wa Unguja akimwambia bibi yangu amekula haramu. Hata neno lenyewe ni moja: adat yao ni ada yetu, tumelitoa kisima kimoja cha Kiarabu. Kaka yako asome hukumu za wakfu kwanza, halafu azungumze na shemeji yake kama mtu na mwenziwe.

Kwa hiyo wifi zako hawali haramu kwa kukaa kwenye nyumba kubwa na kulima shamba la mama yao. Liache. Usilitamani, usiliseme tena mbele ya mumeo, ndilo linalomlaza dukani.

Nyumba yenu ndogo ni habari nyingine kabisa. Ardhi ni ya ukoo, jengo ni lenu. Wana msemo ambao natamani uuhifadhi kwa lugha yao kabla hujakutana na Mak Dang, maana ukiutamka wewe mgeni kila mzee atanyanyua kichwa: suarang baragiah, sakutu babalah, bawaan kembali, tepatan tinggal. Yaani kilichochumwa pamoja kigawanywe, cha ushirika kipasuliwe, alichokuja nacho mtu kirudi naye, alichokikuta kibaki. Bangili zako nne umekuja nazo. Mbili ni mahari, na mahari ni ya mke peke yake. Mbili ni za mama yako. Saruji na mabati mliyonunua kwa fedha za duka na visheti ni suarang, mali ya pamoja.

Tuhesabu, Mungu ampe mumeo umri mrefu. Kwa sharia ya Indonesia, mmoja akifa, nusu ya mali ya pamoja inatolewa kwanza kwa aliyebaki, si kama urithi bali kwa kuwa ni yake. Inayobaki ndiyo tirka, mali ya kurithiwa. Tukiigawa nyumba na duka sehemu 48, 24 ni zako siku hiyohiyo. Katika 24 zilizobaki una thumuni kwa kuwa mna watoto, sehemu 3. Zinabaki 21, mwanao wa kiume 14, wa kike 7. Wifi zako hawapati kitu, maana mtoto wa kiume anawazuia ndugu wa marehemu. Wewe jumla ni 27. Binti wa wifi yako aliyekitamani chumba cha mbele hajui hesabu hii, na pengine mama yake pia haijui. Hawana ubaya. Wamezoea kwamba kila kilichosimama juu ya ardhi ya ukoo ni cha ukoo.

Ndiyo maana nataka karatasi, na nataka wakati mumeo yuko hai na mzima. Nendeni wote wawili kwa Mak Dang. Yeye kama mkubwa wa waliobaki ndiye anayesaini mambo ya ardhi ya ukoo. Iandikwe kwamba jengo limejengwa na nyinyi wawili, mwaka gani, kwa fedha zipi, bangili zitajwe kwa uzito wake kama unaukumbuka. Iandikwe pia kwamba mumeo akitangulia utakaa humo mpaka lini, na ukoo ukitaka jengo utakulipeni nini wewe na watoto. Wifi zako wote wawili wasaini, hili ni la lazima kuliko saini ya mjomba, kwa kuwa wao na mabinti zao ndio warithi wa ardhi. Nakala ipelekwe kwa baraza la adati la nagari yenu, yaani kijiji chenu cha adati. Siku hiyohiyo ulizeni kwa upole: fedha alizotoa mumeo ni zawadi kwa ukoo, au ameingia mahali pa yule aliyeshika rehani mpaka ukoo umrudishie? Wazee na wajibu mbele yako, na iandikwe kama watakavyosema.

Usifikirie kuandikisha ardhi kwa jina lako. Sheria ya ardhi ya mwaka 1960, namba 5, inampa umiliki kamili raia wa Indonesia tu, na mgeni akiupata kwa mirathi ana mwaka mmoja wa kuuachia. Wanao ni raia. Kwa sheria ya uraia ya mwaka 2006 mtoto wa ndoa kama yenu anashika uraia wa pande mbili mpaka miaka 18, kisha anachagua kabla ya 21. Hakikisha hati zao za upande wa Indonesia zimekamilika, na akiba ikirudi nawashauri mnunue kiwanja kidogo nje ya ardhi ya ukoo. Nendeni kwa mthibitishaji wa hati mumuulize. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba uliotolewa mwaka 2016, mume na mke wanaweza kuandikiana mkataba wa mali hata wakiwa tayari wamo ndoani. Ila uwe macho: mkataba wa kutenganisha mali unamrahisishia mumeo kununua ardhi, lakini unaweza kukuondolea ile nusu yako. Usisaini kitu usichosomewa mpaka mwisho.

Kuhusu akiba yenyewe, mwambie mumeo airudishe kidogo kidogo, kila mwezi kiasi mnachokubaliana, kwenye akaunti yenye saini mbili. Mwambie usiku watoto wakilala, si mbele ya wifi, na usimtaje kaka yako. Anza na shamba. Mwambie unajua kwa nini alilikomboa, na kwamba mama yake angefurahi. Halafu mwambie kwamba siku ile pia ulipaswa kuwa umeshikana naye mkono, na hukupewa nafasi. Kama baada ya hapo atakataa kurudisha na kukataa karatasi, ndipo niandikie tena, na tutazungumza habari ya mahakama ya dini. Nadhani hatutafika huko.

Nimekiacha kidole cha mwanao mpaka sasa kwa sababu ndicho kilichonifanya nikujibu wewe kwanza wiki hii. Ranji ile ni daftari la kizazi cha kina mama. Hata watoto wa Mak Dang mwenyewe hawamo. Waulize, utaona. Wamo kwenye ranji ya mama yao. Karatasi ni nyeupe chini ya baba wa mwanao kwa sababu hiyohiyo ilivyo nyeupe chini ya kila mwanamume, na ungemwonyesha siku ileile majina ya wajomba wengine, angetulia. Na wanao si watu baki pale. Kwa ukoo wa baba yao ni anak pisang, yaani watoto wa wanaume wa ukoo, na wifi zako ni bako wao, yaani ndugu wa upande wa baba. Siku binti yako atakapoolewa, bako ndio wanaokuja kwa maandamano na vyakula na zawadi vichwani, na wasipokuja watu wanauliza kuna nini. Sisi tuna shangazi wa harusini, wenzetu wamempa cheo.

Kilichokosekana ni upande wako, maana mama yao hana ukoo kule, na hilo ndilo malakok inalotibu. Utapokewa na ukoo ulio tofauti na wa mumeo, kwa kuwa wao hawaoani ndani ya ukoo mmoja, mtachinja na kulisha watu kama adati inavyotaka, na wanao watakuwa na mjomba wa kumkimbilia na jina la kutaja wakiulizwa. Usitarajie mashamba ya kale ya ukoo huo, malakok haileti hayo. Ni heshima kubwa, na Mak Dang hakuituma bila kukutazama miaka 11. Kubali. Lakini mjibu kwa adabu kwamba utakuja kwenye sherehe hiyo ukitoka kusaini karatasi ya nyumba, na ikiwezekana yote mawili yafanyike siku moja, mchana karatasi, jioni wali.